Mtoto wa karibu miaka 4 anaita kuku "tutu": tukate ulimi, tuache lugha, ama tungoje?

Mama mmoja wa Umoja ameniandikia, nimefupisha kidogo: "Kijana wangu anafikisha miaka 4 baada ya miezi miwili. Anaongea sana, hanyamazi, shida ni matamshi. Kuku anaita tutu, gari ni dali, sasa ni thatha, rangi ni langi. Sisi kwa nyumba tunamwelewa lakini mama mboga na watu wa ploti lazima niwatafsirie. Shosho yake anasema ulimi umeshikwa hapo chini, ukatwe. Ticha wa nasari naye anasema tumemchanganya na lugha nyingi, tuache Kikamba na Kiswahili tumuongeleshe Kizungu peke yake. Pia anashikwa na homa na makamasi karibu kila mwezi, sijui kama inahusiana. Nifanye nini?"

Dada, asante sana kwa kuandika maneno yenyewe venye anayasema, juu wazazi wengi huniambia tu "haongei vizuri" na hapo siwezi jua naanzia wapi. Nikupe jibu kwanza alafu nieleze: ulimi usikatwe, lugha zisiachwe, masikio yapimwe mwezi huu huu, langi na thatha uzipe muda, lakini tutu na dali hizo ndizo za kushughulikia sasa, zisingoje.

Najua inashangaza kwamba nimezigawanya hivyo, kwa sikio la mtu mkubwa zote ni makosa ya kitoto tu. Lakini sauti hazikuji zote siku moja, zinakuja kwa mpangilio, na ukijua huo mpangilio unaweza tofautisha mtoto ambaye bado yuko njiani na mtoto ambaye amekwama mahali.

Mtoto huanza na kusikia, na anaanza mapema kuliko watu wanavyodhani. Huko 1971 Peter Eimas na wenzake walionyesha kwamba hata mtoto wa mwezi mmoja anasikia tofauti ya b na p. Kufika kama miezi 6 hadi 10 anaanza kurudiarudia, bababa, dadada, mamama, na karibu na mwaka mmoja hivi neno la kwanza linatoka. Sauti za kwanza ni zile za midomo na za ncha ya ulimi, m, b, p, n, t, d, na vokali. Angalia watu wa karibu na mtoto tunawaitaje, mama, baba, dada, babu, hizo ni sauti ambazo hata mtoto mdogo kabisa anaziweza.

Kiswahili kwa kweli kinamsaidia mtoto. Vokali ni tano tu, silabi nyingi zinaishia kwa vokali, na mkazo uko mahali pamoja karibu kila neno, silabi ya pili kutoka mwisho. Ndio maana mtoto wa mwaka na nusu akikata neno mara nyingi anabaki na mwisho wake, kitabu inakuwa tabu, machungwa inakuwa chungwa ama tungwa, simama inakuwa mama na watu wanashangaa anaita mama mbona. Hiyo ya kukata maneno inafaa iwe imeisha ama imepungua sana akifika miaka 3. Kwa huyu wako naona imeisha, umesema anaongea sana na maneno uliyoniandikia hayajakatwa, na hiyo ni habari njema sana, usiipite haraka.

Alafu kuna zile za kubadilisha sauti moja na ingine. Hapa ndio nataka usome polepole. Mtoto hakosei ovyo ovyo, anafuata sheria yake mwenyewe, na sheria moja inagusa maneno mengi. Kuku kuwa tutu na gari kuwa dali si makosa mawili, ni kosa moja. Sauti k na g zinatengenezwa nyuma ya mdomo, yeye anazileta mbele zinakuwa t na d. Na najua bila kukusikia kwamba keki ni teti, kikombe ni titombe, na "nataka kukula" inatoka "natata tutula". Wengine hubadilisha zile za kupuliza pumzi, fagio inakuwa pagio, viatu vinakuwa biatu, shule inakuwa sule, chai inakuwa tai. Wengine wanaacha ile n ama m ya mbele, ndizi inakuwa dizi. Kwa mtoto wa miaka 2 zote hizi ni kawaida, hata ningeshangaa nisipozisikia.

Sasa mbona nimesema tutu zisingoje na langi zingoje?

Juu ya umri, na pia juu ya uzito wake kwa lugha yetu. Hiyo tabia ya kuleta k na g mbele kwa watoto wengi huwa imeisha wakifika kama miaka 3 na nusu. R nayo ni kati ya sauti za mwisho kabisa, kutetemesha ncha ya ulimi ni kazi ngumu, na watoto wengi wanaifikia wakiwa na miaka 5 ama kupita hapo. Mwaka 2018 Sharynne McLeod na Kathryn Crowe walikusanya tafiti za lugha 27 kutoka sehemu nyingi za dunia, na picha iliyotoka ni kwamba kufika miaka 5 watoto wengi huwa wanatamka konsonanti karibu zote sawa. Kwa hivyo langi ya miaka 4 haijachelewa bado. Alafu tena hebu sikiliza vizuri shosho anasema aje hilo neno. Kikamba hakina r, Mkamba mwingi aliyekulia nyumbani anasema langi na gali, na kama kijana anashinda na shosho basi anasema anachosikia, na hiyo ni lafudhi, si ugonjwa. Mtoto wa Kikuyu atakuambia ndada badala ya dada kama ndivyo nyumbani husemwa, wa Kijaluo atasema samba badala ya shamba. Watoto wanachekwa sana shuleni kwa hizo na mimi hunikasirisha, juu mtu anachekwa kwa kuongea kama mama yake.

Hiyo thatha, watu wa Pwani huita kithembe, ncha ya ulimi inachungulia katikati ya meno wakati wa s na z. Kwa miaka 4 bado ni jambo la kawaida, meno ya mbele ya utoto yenyewe yataanza kung'oka akiwa kama miaka 6 na hapo matamshi yatayumba tena kidogo. Na usimlazimishe dhahabu na thelathini eti ziwe safi, watu wazima wengi Nairobi wanasema zahabu na selasini na maisha yanaendelea.

Lakini k! K kwa Kiswahili iko kila mahali. Iko kwa kitenzi, kula, kuja, kulala. Iko kwa kitu, kiti, kisu, kikombe. Iko kwa "sikuona", "hakuna", "nikienda". Mtoto ambaye hana k amekosa kipande kikubwa cha lugha, ndio maana mama mboga hamwelewi. Kipimo cha haraka ambacho sisi hutumia ni hiki, mtoto wa miaka 3 mtu asiyemjua anafaa kuelewa kama robo tatu ya anachosema, na wa miaka 4 karibu yote, hata kama kuna makosa madogo. Wewe ukiwa bado unatafsiri kwa kila mtu miezi miwili kabla ya miaka 4, inatosha kuchukua hatua. Na kuna lingine ambalo mama wengi huona aibu kuniambia, kiti ikitoka "titi" watoto wengine wanacheka, na mtoto ambaye amechekwa mara kadhaa anaweza kuamua kunyamaza darasani. Hapo shida inakuwa kubwa kuliko matamshi.

Tuje kwa ulimi, na hapa naomba umsomee shosho pole pole na kwa heshima, juu anamjali mjukuu wake na hiki kitu amekisikia tangu zamani. Kaa chini useme "ta, ta, ta". Unasikia ncha ya ulimi inapiga hapo juu nyuma ya meno? Sasa sema "ka, ka, ka". Ncha imelala chini haifanyi kitu, ni shina la ulimi huko nyuma ndilo linapanda kugusa paa la mdomo. Ule uzi wa chini ya ulimi unashika sehemu ya mbele. Sasa fikiria, mtoto anayesema tutu anatumia nini? Ncha. Ile ile ncha tunaambiwa imefungwa ndiyo anaitumia mchana kutwa, hata pale haifai. Kukata mbele hakuwezi kuleta k ambayo inatoka nyuma. Uzi mfupi sana unaweza kumsumbua mtoto mchanga kunyonya, na hiyo daktari anaiangalia akiwa mchanga, lakini haucheleweshi mtoto kuongea na hauleti tutu. Na tafadhali, kama kuna mtu atakuambia umpeleke akakatwe kimio, kile kinyama kinachoning'inia kooni, kataa kabisa kabisa. Watoto wanavuja damu na kupata maambukizi kwa hiyo kazi, na matamshi yanabaki pale pale.

Masikio sasa. Hii homa ya kila mwezi ndiyo sentensi iliyonifanya nikujibu haraka. Mtoto akiwa na makamasi mara kwa mara, ule mfereji mdogo unaounganisha nyuma ya pua na sikio unaziba, na maji yanajikusanya nyuma ya ngoma ya sikio. Hayaumi lazima, hayatoi usaha lazima, ndio maana mzazi hajui. Lakini mtoto anasikia kama mtu ameweka kichwa ndani ya maji. Sauti nzito anapata, zile nyepesi kama s, f na th zinapotea, na maneno yanamfikia yakiwa na mipaka isiyoeleweka. Mbaya zaidi inakuja na kuondoka, leo anasikia wiki ijayo hasikii, na wewe unadhani ni kichwa ngumu. Angalia kama anaongeza sauti ya TV, kama anauliza "ati?" mara nyingi, kama analala mdomo wazi na kukoroma, kama ukimwita ukiwa nyuma yake hageuki. Hata kama hauoni yoyote kati ya hizo, bado apimwe. Kuna kipimo cha kusikia na kuna kingine cha kuangalia presha nyuma ya ngoma, havina uchungu wowote. Usiweke mafuta moto, usichokore na pamba.

Kuna kajaribio unaweza fanya nyumbani, hakachukui nafasi ya hicho kipimo lakini kanatuambia kitu. Mwonyeshe kuku umuulize, "Huyu ni tutu?" Watoto wengi wa umri wake wanakasirika kabisa, "Apana! Ni tutu!" Yaani wewe ukisema tutu anasikia umekosea, yeye akisema tutu anadhani amesema kuku. Mwaka 1960 Jean Berko na Roger Brown waliandika kuhusu mtoto wa Marekani aliyekuwa na samaki wa plastiki akimwita "fis", mtu mkubwa akimuuliza huyu ni "fis" wako anakataa, mpaka aambiwe "fish" ndio anakubali. Kijana wako akikukatalia hivyo, inamaanisha neno sahihi liko kichwani, kilichobaki ni mdomo. Akikubali tutu bila shida, andika hiyo, uwaambie wanaompima.

Kuhusu ticha wa nasari, hapo simuungi mkono. Kuongea lugha tatu hakuleti tutu. Watoto wa Nairobi wengi wanakua na Kiswahili, Kizungu, lugha ya nyumbani na Sheng ya ploti juu yake, na matamshi yao yanakomaa sawa. Wanaweza kuchanganya maneno ndani ya sentensi moja lakini hata sisi wakubwa tunafanya hivyo, huo si ugonjwa. Shida ya kweli ya matamshi inajionyesha kwa kila lugha ambayo mtoto anaongea. Muulize shosho kijana akitaja nguku kwa Kikamba inatoka vipi, na wewe sikiliza akisema keki na kaka. Zote zikikosa k na g basi tumejua ni mdomo, si lugha. Na ukimnyang'anya Kikamba unamnyang'anya shosho mwenyewe, mtu ambaye pengine ndiye anaongea naye masaa mengi kuliko wote, alafu unampa Kizungu cha katuni ambacho hakimjibu. Endeleeni kumuongelesha kwa lugha ambayo kila mmoja wenu anaongea kwa raha.

Nyumbani fanya hivi. Usimwambie "sema kuku! rudia! hapana, sema vizuri!" Hiyo inamfundisha tu kwamba kuongea ni mtihani. Akisema "mama ona tutu", jibu "Eeh, kuku! Kuku anakula. Ni kuku mkubwa." Amesikia k mara kadhaa na hujamkaripia. Fanya hivyo wakati wa kuoga, kwa jikoni, mkienda dukani, bila kuifanya kipindi.

Alafu michezo ya sauti yenyewe bila maneno. Mwigize jogoo, kokoikoo. Mfundishe kusukutua maji kooni kichwa kikiwa juu, anaskia mahali penye kazi iko. Mlaze chali kwa kitanda mcheze "ko, ko, ko" mkikohoa kikohozi cha uongo, akiwa chali ulimi unarudi nyuma wenyewe. Anza na ku na ko, juu hizo vokali zinavuta ulimi nyuma, usianze na ki, ki ni ngumu kwake. Ikitoka hata mara moja, mwambie umeisikia, basi, mwendelee kucheza.

Ikishatoka toka peke yake ndio unaleta picha mbili. Chora taa, na chora mtoto ameketi, hiyo ni kaa. Ama gari na dari. Mwambie akuagize moja, wewe unampa kile amesema, si kile unajua anataka. Akisema "taa" akimaanisha kaa, mpe taa. Atakuangalia na mshangao, na hapo ndio mtoto anagundua mwenyewe kwamba ile sauti inabadilisha maana. Dakika tano zinatosha, na akichoka wacha. Na usicheze huu mchezo kama hawezi kutoa k kabisa, itakuwa ni kumtesa tu.

Kwa kwenda, hospitali yoyote ya serikali yenye kitengo cha masikio, pua na koo itakupa rufaa ya kipimo cha kusikia. Kwa upande wa matamshi, KISE, ile taasisi ya elimu maalum huko Kasarani, wana kituo cha kupima watoto, na kuna vituo vya EARC vya Wizara ya Elimu katika kaunti, yaani vituo vya kupima watoto wenye mahitaji maalum, uliza ofisi ya elimu ya karibu na wewe. Wataalamu wa tiba ya matamshi si wengi Kenya, foleni inaweza kuwa ndefu, kwa hivyo weka jina mapema hata kama unadhani itajisahihisha. Hakuna hasara mtoto akifika zamu yake akiwa ameshapona.

Kuna vitu ambavyo ukiviona usingoje foleni ya kawaida, rudi kwa daktari uwaambie wazi. Kama neno moja analitamka tofauti kila mara, leo kuku ni tutu, kesho bubu, baadaye ulu. Kama vokali zenyewe zimepotea. Kama anaacha mwanzo wa maneno, lala inakuwa ala, moto inakuwa oto, hiyo si kawaida kwa umri wake. Kama sauti yote inatoka puani ama maziwa na uji hutokea puani akinywa, hapo paa la mdomo liangaliwe. Na kama alikuwa na maneno alafu yakapotea. Kwa ulivyoandika sioni hata moja ya hizi, nakutajia ili uzijue.

Siku ya kwenda beba simu ikiwa na rekodi, dakika tatu nne akicheza na mtoto mwenzake ama akiongea na shosho, juu watoto wengi wakifika mbele ya mgeni mwenye koti nyeupe wanafunga mdomo na mnarudi nyumbani bila chochote. Beba pia orodha ya maneno kama hayo uliyoniandikia, kliniki kadi, na kumbukumbu ya lini alianza kukaa, kutembea na kutaja neno la kwanza. Kama shosho anaweza kuja, aje, kuna maswali kuhusu Kikamba chake ambayo ni yeye tu atajibu. Majibu ya masikio yakitoka niandikie tena, juu yakionyesha kuna maji hapo ndani, tutaanza na hayo kabla ya hii michezo ya k.